Idd Imepita: Tulirudishe Tumbo Kwenye Kiasi, Tusiliadhibu

Awali ya yote tumshukuru Mwenyezi Mungu (s.w) aliyetujaalia kuifunga Ramadhani na kuifikia Idd tukiwa hai, huku wenzetu wengi tuliofuturu nao mwaka uliotangulia wakiwa tayari makaburini. Tunamuomba azikubali funga zetu na asameheane nasi pale tulipopungukiwa.

Leo nataka tuzungumze jambo ambalo kwa nadra hulisikia kwenye mimbari, nalo ni hali ya matumbo yetu baada ya Idd. Nitaanza na kisa nilichokishuhudia.

Mwaka mmoja, asubuhi ya mwezi 6 Shawwal, katika msikiti wa mtaani kwetu jijini Dar es Salaam, mzee mmoja alianguka kwenye safu tukiwa katika rakaa ya pili ya sala ya Alfajiri. Waliokuwa karibu naye walikata sala wakamshika. Jasho lilikuwa linamtiririka, mikono inatetemeka, na maneno yake hayaeleweki. Mmoja akasema ni presha, mwingine akasema ni majini asomewe. Kijana mmoja aliyekuwa akisomea uuguzi ndiye aliyeuliza swali la maana: "Mzee wetu ana kisukari?" Mwanawe akajibu kuwa anacho, na anatumia vidonge. Akakimbizwa hospitali kwa bajaji. Walipomtoboa kidole na kupima, sukari ilikuwa imeshuka mpaka 2.4.

Alhamdulillah, mzee alipona. Tulipokwenda kumjulia hali alituambia mwenyewe: "Wanangu, siku za Idd nilikula kupita kiasi. Pilau kwa mtoto mkubwa, biriani kwa mkwe, kalimati na sharubati kila nyumba niliyoingia. Nikajiona nimekosa. Nikasema siku tatu hizi sitii kitu mdomoni ila maji ya ndimu, mpaka mwili usafike. Dawa nikaendelea kumeza, maana daktari aliniambia nisiache hata siku moja."

Ndugu msomaji, katika maneno ya mzee huyu kuna makosa mawili. La kwanza kila mtu analiona, nalo ni kula kupita kiasi. La pili watu wengi hawalioni kuwa ni kosa, bali hulisifu na kulihesabu kuwa ndiyo toba ya tumbo. Wahenga wamesema dawa ya moto ni moto. Lakini dawa ya israfu si israfu nyingine.

Tumetoka wapi?

Kwanza tuseme ukweli kuhusu tulikotoka. Funga ilikusudiwa kutufunza kujizuia. Lakini nyumba nyingi za mjini, mwezi wa Ramadhani ndio mwezi ambao jiko halipoi. Mtu anafuturu kwa tende, uji, maharage ya nazi, magimbi, mihogo, viazi vitamu, tambi za sukari, sambusa, kachori na bajia, vyote katika mkao mmoja. Baada ya Tarawehe anakula tena wali. Usiku anaamshwa kula daku. Ikifika Idd, huwa ni siku tatu nne za kutoka nyumba moja kwenda nyingine, na kila nyumba ina sahani yake na soda yake.

Hakuna anayesema furaha ya Idd ni dhambi. Siku ya Idd ni haramu kufunga, na kula siku hiyo ni katika kuidhihirisha neema. Katika Suratul A'araf, aya ya 31, Mwenyezi Mungu ametuamrisha kula na kunywa, na papo hapo akatukataza israfu. Mambo hayo mawili yamewekwa pamoja katika aya moja. Kwa hiyo anayejinyima aliyohalalishiwa na anayepindukia mpaka, wote wawili wameshika nusu ya aya na kuiacha nusu nyingine.

Tatizo la pilau ya Idd si kubwa kama tunavyodhani. Tatizo kubwa ni desturi inayobaki baada ya sherehe kwisha. Siku thelathini zinatosha kabisa kuuzoesha ulimi sukari na kulizoesha tumbo kula saa nne za usiku. Ramadhani ni chuo, na mwanafunzi huondoka na kile alichokuwa akikifanya kila siku. Aliyekuwa akijizuia huondoka na kujizuia. Aliyekuwa akivimbiwa kila Magharibi, naye huondoka na alichojifunza.

Mizani inavyotudanganya

Baada ya Idd mtu hupanda kwenye mizani akaona kilo mbili au tatu zimeongezeka, akapatwa na hofu, akaanza kujinyima kwa pupa. Hapa inafaa tufahamu kinachotokea mwilini.

Kilo 1 ya mafuta ya mwili ni akiba ya takriban kalori 7,700. Mtu mzima wa kawaida hutumia kalori zipatazo 2,000 hadi 2,500 kwa siku. Maana yake ni kwamba ili uongeze kilo 1 tu ya mafuta ndani ya siku tatu, itabidi kila siku ule mara mbili au zaidi ya unachohitaji. Sasa hizo kilo tatu zimetoka wapi? Sehemu kubwa ni maji. Wanga na sukari tunayokula, mwili huweka sehemu yake kama akiba kwenye ini na misuli, na kila gramu 1 ya akiba hiyo hushikana na takriban gramu 3 za maji. Chumvi nyingi ya pilau, kachumbari na vitafunwa vya dukani nayo huyazuia maji mwilini.

Ukirudi kwenye chakula chako cha kawaida, maji hayo huondoka yenyewe ndani ya siku chache. Vilevile anayejinyima siku tatu kwa maji ya ndimu huona kilo zimeshuka haraka, akadhani ndimu imeyeyusha mafuta. Aliyopoteza kwa sehemu kubwa ni yale yale maji. Na wala mwili haukuhitaji kusafishwa kwa ndimu, kwani Mwenyezi Mungu ameuwekea ini na figo, navyo vinafanya kazi hiyo usiku na mchana.

Kisha siku ya nne njaa inarudi na deni lake. Aliyeapa kutogusa wali anakutwa saa tano usiku kibandani anakula chipsi mayai. Anajilaumu, anajinyima tena, anaanguka tena. Ndivyo watu wanavyozunguka miaka na miaka, na kila mzunguko unamkuta mtu na kitambi kikubwa kuliko ule uliopita.

Fundisho la Salman

Katika Sahihi Bukhari kumepokewa kisa cha masahaba wawili, Salman na Abu Dardaa (r.a), ambao Mtume (s.a.w) aliwaunganisha udugu. Salman alimtembelea nduguye akamkuta amezama katika ibada mpaka mkewe ameacha kujipamba. Abu Dardaa alimwekea mgeni chakula, mwenyewe akasema amefunga. Salman akakataa kula mpaka mwenyeji wake ale pamoja naye, naye akala. Usiku Abu Dardaa akataka kusimama kuswali, Salman akamwambia alale. Ilipofika sehemu ya mwisho ya usiku ndipo wakaamka wakaswali wote wawili. Kisha akamkumbusha kuwa Mola wake ana haki juu yake, nafsi yake ina haki na watu wa nyumbani kwake wana haki, hivyo ampe kila mwenye haki haki yake. Habari ilipomfikia Mtume (s.a.w), alisema Salman amesema kweli.

Tazama, ndugu yangu. Abu Dardaa hakuwa mlafi. Alikuwa amezidisha katika jambo jema, na hata hivyo alirudishwa kwenye kiasi. Sasa itakuwaje kwa mtu anayejitesa kwa njaa, si kwa ajili ya ibada, bali kwa sababu ya hasira juu ya kitambi chake?

Ngazi tatu za kula

Mwanachuoni Ibn al-Qayyim, aliyefariki Damascus mwaka 1350, alipoandika kuhusu tiba ya Mtume (s.a.w) alieleza kuwa kula kuna ngazi tatu. Ya kwanza ni ya haja, yaani chakula cha kumfanya mtu asimame. Ya pili ni ya kutosheka. Ya tatu ni ya ziada, inayovuka kutosheka. Maelezo hayo aliyajenga juu ya Hadithi mashuhuri iliyopokewa na Tirmidhi na Ibn Majah kutoka kwa al-Miqdam bin Ma'dikarib (r.a). Humo Mtume (s.a.w) alieleza kuwa tumbo ndicho chombo kibaya zaidi ambacho mwanadamu hukijaza, kwamba matonge machache ya kumsimamisha yanamtosha, na kama hapana budi, basi theluthi iwe ya chakula, theluthi ya kinywaji na theluthi ya pumzi.

Angalia hekima iliyomo. Mtu hakuambiwa asile. Amewekewa kilicho bora, kisha akawekewa na mpaka kwa yule asiyeweza kilicho bora. Sisi tuliotoka kwenye ziada, kazi yetu ya mwezi huu ni moja tu, kushuka kutoka ngazi ya tatu kurudi ya pili. Hatuhitaji kuruka hadi chini kwa siku moja, kwani anayeruka ngazi huvunjika mguu.

Tuanzie wapi?

Mtume (s.a.w) ametufundisha, kama ilivyopokewa kutoka kwa Bibi Aisha (r.a), kuwa amali inayopendeza zaidi mbele ya Mwenyezi Mungu ni ile inayodumu, hata kama ni kidogo. Kanuni hii inafaa sana katika kula. Chagua mambo machache unayoweza kuyafanya mpaka Ramadhani ijayo, si mpaka Ijumaa ijayo.

La kwanza ni vinywaji. Soda ya kola ya chupa ya mililita 350 ina takriban gramu 37 za sukari, sawa na vijiko 9 hivi vya chai. Ongeza vikombe vitatu vya chai kwa siku, kila kimoja vijiko vitatu, nazo ni gramu 36 nyingine. Jumla ni zaidi ya gramu 70, na hujahesabu andazi. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongeza isizidi asilimia 10 ya nishati ya chakula, ambayo kwa mtu wa kalori 2,000 ni gramu 50, na ni bora zaidi ikiwa chini ya gramu 25. Basi soda ibaki ya mgeni na ya harusi, na chai ipunguzwe kijiko kimoja kila baada ya wiki mbili. Ulimi huzoea. Baada ya muda, chai ile uliyokuwa ukiinywa utaiona kama asali.

La pili ni sahani. Nusu yake iwe mboga na matunda, robo iwe wali au ugali, na robo iliyobaki iwe samaki, dagaa, kuku, maharage au choroko. Mtu wa Dar es Salaam hana kisingizio hapa. Mchicha, matembele na kisamvu vipo kila genge, na fungu lake ni bei ndogo kuliko soda. Ukipata unga wa dona, ni bora kuliko sembe, kwa kuwa dona haikukobolewa na ina nyuzinyuzi zinazomshibisha mtu mapema. Anza na mboga na samaki, wali ufuate. Kula taratibu, maana taarifa ya kushiba huchukua kama dakika 20 kufika kwenye ubongo. Anayemaliza sahani kwa dakika tano hujaza ya pili kabla hajajua kuwa ya kwanza ilimtosha.

La tatu ni mafuta ya kukaangia. Gramu 1 ya mafuta ina kalori 9, wakati gramu 1 ya wanga ina kalori 4. Muhogo wa kuchemsha na muhogo wa kukaanga ni mti mmoja, lakini si chakula kimoja. Sambusa si haramu, ila si lazima iwepo kila jioni.

La nne ni miguu. Dakika 150 za mwendo wa haraka kwa wiki, yaani dakika 30 kwa siku tano, ndicho kiwango cha chini kinachoshauriwa kwa mtu mzima. Shuka daladala kituo kimoja kabla, au nenda msikitini kwa miguu badala ya kupanda bodaboda. Kutembea kidogo baada ya chakula cha jioni kunasaidia sana, kwa sababu misuli inayofanya kazi huivuta sukari kutoka kwenye damu.

La tano ni kiporo. Wengi wetu tunakula kupita kiasi kwa nia njema, tukiogopa kutupa chakula. Lakini chakula kinachoshindiliwa katika tumbo lililoshiba nacho kimefanyiwa israfu, tena kimeongeza na madhara. Dawa yake ni kupika kidogo, na kilichozidi kipelekwe kwa jirani kikiwa bado kizuri. Mtume (s.a.w) alieleza kuwa chakula cha wawili kinawatosha watatu. Sisi tunapika cha kumi tukala watano.

Funga za Shawwal

Yapo mafunzo makubwa katika funga sita za Shawwal, ambazo fadhila yake imepokewa na Imam Muslim kutoka kwa Abu Ayyub al-Ansari (r.a). Nia iwe ya kutafuta radhi za Mwenyezi Mungu. Afya inayopatikana ni nyongeza. Si lazima zifungwe mfululizo, na wengi huzigawa katika Jumatatu na Alhamisi.

Hizi ndizo funga zinazoweza kutusahihishia futari zetu, kwa sababu hakuna pilikapilika za Ramadhani. Futuru kwa tende moja hadi tatu na maji. Tende kavu, karibu theluthi mbili ya uzito wake ni sukari, hivyo chache zinatosha kukurudishia nguvu. Swali Magharibi, kisha kaa ule chakula kimoja cha kawaida. Utajionea kuwa zile aina nane za futari hazikuwa haja ya tumbo, zilikuwa matamanio ya macho.

Tufanyeje na mialiko?

Najua swali litakalokuja: "Nikienda kwa shangazi nitamkatalia vipi?" Ni kweli. Kwetu sisi, kuacha sahani ni kama kumwambia mwenyeji hajui kupika. Shangazi atasema, "Mwanangu, hujala kitu, au umeshiba kwa mkeo?"

Usimpe shangazi hotuba ya kalori. Nawa, sema Bismillahi, kula matonge machache kwa furaha, sifu upishi wake, kisha sema, "Shangazi, mkono wako haujapotea. Nimeshiba, Alhamdulillah, nifungie kidogo nimpelekee mkeo." Huyo "mkeo" kwa shangazi ni mke wako wewe, naye atafurahi mara mbili. Vilevile sisi wenyeji tuache kuwalazimisha wageni. Mwenye kisukari anayebembelezwa ale kalimati hakirimiwi, anaumizwa.

Wenye maradhi wasikurupuke

Narudi kwa yule mzee. Vidonge vya kisukari vya baadhi ya aina, na sindano za insulini, huishusha sukari hata kama mtu hakula. Anayemeza dawa hizo huku amejinyima chakula anajiweka katika hatari ya sukari kushuka mpaka akazimia. Kwa hiyo mwenye kisukari, presha au maradhi ya figo asibadili mpango wa kula, wala asifunge sunna, kabla hajazungumza na daktari wake. Ukimwona mgonjwa wa kisukari anatetemeka na kutokwa na jasho, ikiwa ana fahamu na anaweza kumeza, mpe haraka maji ya sukari au soda ya kawaida. Ikiwa hana fahamu, usimtie kitu mdomoni, mkimbize hospitali.

Na wewe unayejiona mzima, kapime. Utafiti uliofanyika Tanzania Bara mwaka 2012 kwa watu wa miaka 25 hadi 64 ulionesha kuwa takriban asilimia 9 walikuwa na kisukari. Mwaka 2021 Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria kuwa zaidi ya nusu ya watu wazima wenye kisukari barani Afrika hawajui kuwa wanacho. Pima asubuhi kabla ya kula. Sukari ikifika 7.0 au zaidi, ni dalili ya kisukari na inahitaji kuthibitishwa na daktari. Ikiwa kati ya 6.1 na 6.9, umeonywa mapema, na hapo ndipo mboga na miguu yako vinaweza kukuepusha na makubwa. Presha ikiwa 140 kwa 90 au zaidi katika vipimo vya siku tofauti, usiipuuze.

Hitimisho

Yule mzee yupo mpaka leo, tunaswali naye. Idd iliyofuata alinikuta nimeshika sahani ya pilau iliyojaa hadi ukingoni, akacheka akaniambia, "Mwanangu, hiyo gawa mara mbili. Nusu yako, nusu yangu. Kisha kesho tule mchicha kama kawaida, tusijifanye mawalii." Tukala.

Ndugu zangu, mwili ni amana. Tuliula vibaya mwezi mzima, hatutautengeneza kwa siku tatu. Anayejikwaa njiani haendi kujitupa shimoni kwa hasira, huinuka akaendelea na safari. Kama jana ulizidisha, mlo unaofuata ndio mahali pa kuanzia, wala usingoje Jumatatu.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atujaalie kutosheka kwa kidogo cha halali, atupe afya ya kumuabudia, na atufikishe Ramadhani nyingine tukiwa na matumbo mepesi na nyoyo safi.

Wabillahi tawfiq.